Siku Niliyosema Nina Watoto Wawili

Rafiki yangu, nakuambia wewe kwa sababu unajua kusikiliza mpaka mwisho kabla hujaanza kunishauri. Wengine nimewapa vipande. Mchungaji nimempa kipande, mume wangu ana kipande chake, na Mungu anajua yote lakini yeye sihitaji kumsimulia. Wewe nitakusimulia yote jinsi yalivyokuwa, na pale nitakapoonekana mbaya, niache hivyo hivyo.

Nauza chakula Tunduma, kule malori yanakopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Nilianza na sufuria mbili na benchi la kuazima. Sasa nina kibanda cha bati chenye meza sita, na wasichana wawili wananisaidia. Shule niliishia darasa la saba. Nikarudi darasani nikiwa na miaka thelathini na tano, masomo ya jioni, naingia darasani nanukia vitunguu, nakaa na vijana wanaoniamkia kabla ya kuniazima kalamu. Kidato cha nne nilifaulu kwa kurudia. Kanisani wakafurahi, wakanifanya katibu wa akina mama, maana mwandiko wangu unasomeka na barua najua kuipanga.

Nina watoto watatu. Naomba hilo ulishike, watatu. Wa kwanza ni binti, sasa ana miaka kumi na tano. Nyuma yake mvulana, na kitinda mimba ni msichana ambaye ndiyo kwanza ameanza la kwanza. Na kama ilivyo kwetu, tangu nimzae yule wa kwanza hakuna anayeniita kwa jina langu. Mimi ni mama wa yeye. Madereva wananiita hivyo, mchungaji ananiita hivyo, hata mama mkwe. Jina langu mwenyewe nalisikia nikienda benki.

Huyo binti alikuwa mtu wa maneno. Akitoka shule anapitia kibandani, anawahudumia Wazambia kwa Kibemba cha kuokoteza, anawaiga madereva wanavyoilalamikia foleni mpaka wenyewe wanaacha kula wanacheka. Kulikuwa na dereva mmoja mtu mzima, hataki sahani iletwe na mtu mwingine. Anasema wali ukiletwa na mimi unakuwa na chumvi nyingi.

Alipoingia kidato cha kwanza akaanza kunyamaza. Nikadhani ni ukubwa. Halafu akawa halali usiku. Asubuhi namkuta amekaa kitandani, amevaa sare, viatu vimeshafungwa, macho mekundu. Akaniambia darasani kuna watu wanamwita kwa jina, na akigeuka hakuna mtu. Nikamwambia aombe. Akaomba. Na mimi nikaomba, nikafunga siku tatu, nikafunga saba. Akina mama wenzangu wawili wakaja kumwekea mikono bila kujua hasa shida ni nini, maana niliwaambia anaumwa kichwa. Sisemi maombi hayakufanya kitu. Mimi ndiyo yamenishika mpaka leo. Lakini mtoto alikuwa anaisha mbele ya macho yangu, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji.

Siku moja mchana nikiwa napakua, akatoka mlango wa nyuma wa kibanda, peku, akapita katikati ya malori, akavuka mpaka Nakonde, upande wa Zambia, anaongea peke yake. Mama mmoja wa Kizambia, muuza nguo za mitumba, ndiye aliyemshika mkono akamrudisha. Watu wa sokoni walikuwa wameacha kazi zao wanatazama. Yule mama akaniambia mbele yao wote, kwa Kiswahili chake cha mpakani, akiniita mama kwa Kibemba, "Mayo, mtoto hii anaumwa kichwa ya ndani. Siyo malaria. Peleka hospitali kubwa."

Nikacheka kidogo, nikamjibu ni homa tu imempanda. Mgeni, mtu wa nchi nyingine, alikuwa ameona kwa dakika kumi kitu nilichokuwa nakataa kukiona kwa miezi mitano.

Nikueleze kwa nini. Huku kwetu mtu akianza kupata kidogo, watu wanauliza amekipata wapi. Wanasema kuna dawa ya utajiri, wanaiita ndagu, na mwenye kuitumia anatoa kitu ili biashara itembee. Wengine eti wanatoa uzazi, wengine wanatoa akili ya mtoto. Kwa hiyo mtoto wa mfanyabiashara akichanganyikiwa, hakuna anayesema ni ugonjwa. Wanasema wazazi wake wamemtoa. Na mwaka huo ndio nilikuwa nimetoka meza tatu kwenda sita na kuezeka bati jipya. Nilisimama nje ya kibanda nikalitazama lile bati linavyong'aa, nikasikia kabisa kitakachosemwa. Mimi ni mtu wa Mungu, siamini ndagu. Lakini niliogopa wanaoamini.

Nikampeleka Ibaba, juu milimani kule Ileje, kwa mama yangu mzazi. Watu nikawaambia amepata nafasi shule ya bweni ya wasichana, na shule yenyewe nikaitaja kwa jina ili wasiniulize zaidi. Mume wangu ni dereva, alikuwa safarini Dar. Aliporudi akakuta mtoto ameshaondoka. Akaniuliza atarudi lini. Nikasema akipona. Hakuniuliza ataponaje, na mimi sikujiuliza.

Binti mwenyewe nilimfundisha cha kusema. Akikutana na mtu wa Tunduma, aseme yuko likizo. Wiki ya pili akanipigia kwa simu ya bibi yake. Sauti imetulia, kama mtu anayeulizia bei ya kitu.

"Mama, shule yangu inaitwaje? Nimesahau. Wakiniuliza nisije nikakuaibisha."

Nikamtajia. Akalirudia lile jina mara mbili, polepole. Nikakata simu, nikaenda kugeuza samaki.

Nilikuwa natuma sukari, sabuni, hela ya matumizi. Kwenda kumwona nilienda mara chache, tena siku za katikati ya wiki, nisikutane na watu wa kutoka ibadani. Namkuta amekaa jikoni kwa bibi yake, anautazama moto. Mama yangu alikuwa anamsemesha siku nzima kama vile anajibiwa.

Mwaka uliofuata makanisa ya mkoani pamoja na wafanyabiashara Waislamu wa hapa Tunduma wakakubaliana kufanya tamasha la familia pale Vwawa. Kuna kituo cha afya kilikuwa tayari kutoa chumba, na muuguzi anayejua watoto wenye matatizo ya akili alikubali kuja kutoka Mbeya kila mwezi, lakini chumba kilikuwa kuta tu. Vilihitajika milango, viti, dawa, nauli ya muuguzi. Watoto wa Galula, watoto wa Ileje, wote walikuwa wanabaki nyumbani kwa sababu Mbeya ni mbali na nauli hakuna. Kamati ikatafuta katibu. Mchungaji akanitaja mimi.

Sikukataa. Nilijiambia Mungu amenifungulia mlango wa kulipa nilichofanya bila mtu kujua. Tena nilipanga, chumba kikishafunguliwa, nitamleta binti yangu kimyakimya siku isiyo na watu.

Barua ya mwaliko niliiandika mimi. Nilikaa meza ya mwisho pale kibandani, wateja wa mchana wameondoka, nikaandika kwamba ugonjwa wa akili wa mtoto si laana wala si aibu ya nyumba, na muuguzi atakuwepo kuwaona watoto bure. Mstari wa mwisho nikaandika: usimfiche mtoto wako, mlete. Kalamu ilikuwa inakimbia yenyewe. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mkali kutoka Hasamba, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, aliisoma akavua miwani.

"Mama, hii imeandikwa na mtu aliyeguswa," akaniambia.

Nikamjibu masomo ya jioni yamenisaidia.

Barua ikapigwa chapa. Ikasomwa makanisani, ikasomwa redioni. Ikafika na Ibaba. Mama yangu hajui kusoma lakini siku hiyo alikuwa benchi la mbele, akasikia neno kwa neno. Alijua niko kwenye kamati, lakini hakujua ni mkono wangu. Alichosikia ni kwamba kuna muuguzi, na watoto wasifichwe. Akauza madebe mawili ya viazi akapata nauli ya watu wawili. Hakunipigia simu. Baadaye aliniambia alitaka nimkute pale nifurahi.

Siku yenyewe ilikuwa na ile baridi yetu ya Julai na upepo wa vumbi. Familia za Mbozi zilikuja na kahawa, mahindi, mikungu ya ndizi. Waislamu wa Tunduma walileta masufuria ya pilau na mpishi wao, mzee mmoja anayetembea na mwiko kama fimbo. Kila mwanakamati aliyesogea kuonja alimfukuza, anasema kamati ikionja, watoto watalamba sufuria. Watoto wakakimbia na magunia. Wazee wakavutana kamba na kwaya ya akina mama, wakashindwa, wakadai kamba imepakwa mafuta ya nywele. Nilicheka siku ile. Nakuambia ili ujue mtu anaweza kucheka.

Sasa, unajua shughuli za kwetu haziendi bila utambulisho. Hata msibani watu wanatambulishwa. Kwa hiyo utaratibu wa kuchangia ukawa hivi: kila familia inapanda mbele na mavuno yake, inajipanga mstari, inajitambulisha, baba, mama na watoto wote, wazima na wagonjwa, na kila mtoto anapigiwa makofi. Halafu ndiyo mnada unaanza. Mwenyekiti ndiye aliyetaka hivyo. Alisema tamasha ni la familia, basi tuone familia.

Waliotutangulia walikuwa watu wa Galula. Baba ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, amemshika mkono mtoto wa kama miaka tisa, kichwa kimeinamia bega. Yule baba hajui kuongea mbele za watu, maneno yalikuwa yanamtoka moja moja. Akasema, "Huyu ndiye wa nne. Haongei. Lakini nikirudi kazini ananijua." Uwanja mzima ulipiga makofi mpaka yule mtoto akashtuka, baba yake akamziba masikio kwa viganja.

Tukaitwa sisi. Mshereheshaji ni mtu wa kanisani kwetu, mtani sana, akaniita kama ninavyoitwa siku zote, mama wa binti yangu, akamtaja jina kwenye spika. Tukapanda na gunia letu la maharage, mimi, mume wangu na wale wadogo wawili. Sentensi nilikuwa nayo tayari. Niliifanyia mazoezi wakati napiga pasi vitenge: watoto watatu, mkubwa yuko bweni. Nikashika kipaza sauti, nikatazama mbele, na kwenye viti vya wageni nikamwona mwalimu ambaye alikuwa ametambulishwa muda mfupi kabla, nami sikuwepo kwa sababu nilikuwa jikoni. Amevaa fulana ya shule. Ile shule. Alikuwa amewaleta wasichana wake kuimba. Ananitazama anatabasamu, anasubiri niseme.

"Mungu ametujalia watoto wawili," nikasema.

Mshereheshaji akaruka. Akasema ngoja kwanza mama, tumekuita kwa jina la binti yako, halafu binti mwenyewe kwenye hesabu hayumo? Ndugu zangu, hizi ndizo hesabu za masomo ya jioni. Watu wakacheka. Yule mtoto wangu mdogo wa la kwanza akanivuta kitenge, akauliza, "Na dada?" Kipaza sauti kikamnasa. Mshereheshaji akasema haya, huyu amesoma asubuhi, anamsahihisha mama yake. Wakacheka zaidi.

Hapo nilikuwa na nafasi. Ilikuwa imefunguliwa kwa ajili yangu na mtoto wa miaka saba. Nikacheka na mimi, nikasema leo tuhesabu hawa wawili tu, twende kwenye maharage. Nikarudisha kipaza sauti. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Maharage yakanunuliwa, aliyenunua akayarudisha yauzwe tena, kama tunavyofanya, yakanunuliwa mara tatu. Walioninunulia walikuwa wananipigia vigelegele.

Yule mtume alimkana Bwana wake karibu na moto, watu wanamtisha. Mimi nilimkana mwanangu mchana kweupe, watu wananishangilia.

Na yeye alikuwa pale. Alikuwa amesimama chini ya spika ya kushoto na bibi yake, amevaa sweta langu la zamani la kijani. Walikuwa wamefika kama nusu saa. Mama yangu masikio yamepungua, kwenye kelele hasikii vizuri, aliona tu sisi tumepanda akafurahi, akawa anapunga mkono. Binti alisikia kila kitu. Mama yangu anasema alisimama akamaliza kusikiliza, halafu akamwambia bibi, twende kwa muuguzi. Akatangulia yeye. Tangu augue, ilikuwa mara ya kwanza kuamua kwenda mahali.

Mimi sikujua lolote. Nilirudi kwenye pilau. Saa tisa muuguzi akanitafuta, dada mmoja mpole mwenye sauti ya chini, anataka katibu apokee majina ya watoto aliowaona. Tukakaa kwenye magunia nyuma ya turubai. Akaniambia wamekuja wengi kuliko alivyotegemea, na wengi walifichwa miaka. Kisha akafunga daftari, akasema kuna mmoja amemuumiza moyo. Binti wa Ileje, amekuja na bibi yake.

"Nikamuuliza mama yako yuko wapi," akasema muuguzi. "Akanionyesha jukwaani. Akaniambia, mama yule pale ana watoto wawili, mimi niandike kwa bibi."

Alikuwa hajajua kuwa jukwaani aliyeonyeshwa ni mimi. Akaniona uso, akajua. Akasogea kidogo kwenye gunia, akaniachia nafasi ya kuinuka.

Niliwakuta kwenye hema la muuguzi, wamekaa kwenye kiti kimoja kirefu. Mama yangu akainuka kunikumbatia, akaongea kwa lugha ya nyumbani, haraka, amechangamka. "Mwanangu, mliandika barua nzuri. Umeona, nimemleta, sikumficha."

Nilitamani ardhi inipokee. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa amekonda, lakini macho yake siku hiyo yalikuwa yake, yaani yeye mwenyewe alikuwa ndani.

"Shikamoo," akasema.

Hakuongeza neno mama. Tangu ajue kusema hajawahi kuniamkia bila neno hilo. Alikuwa ananiamkia kama anavyowaamkia wateja.

Nikaanza kusema mwanangu nisamehe, nilimwona yule mwalimu, nilishikwa, sikujua kama upo. Nilijisikia mwenyewe hayo maneno yalivyo. Sikujua kama upo, kana kwamba usingekuwepo ingekuwa sawa.

"Nimekusikia," akanijibu taratibu. "Spika zilikuwa zinasikika vizuri." Kisha akamgeukia bibi yake, akamwambia waende, costa ya Ileje itawaacha.

Nikachukua mfuko wao niwabebee. Akaupokea kutoka kwangu kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akaubeba mwenyewe. Nikawasindikiza nyuma nyuma mpaka kwenye gari. Mama yangu alikuwa ananiuliza mbona nalia, kwani muuguzi amesema nini.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nilisimama nikasema yote. Nilitaja bweni, nikataja Ibaba, nikataja jukwaa. Mshereheshaji wetu alitoka nje, nikamkuta amekaa kwenye ngazi, akaniomba msamaha kwa utani wake, nikamwambia utani wako ulikuwa unanisaidia, mimi ndiye niliyeukataa. Mwenyekiti akaja Tunduma na lita tano za maziwa. Hakunipa pole. Alisema, "Siku ile nilipokuambia barua imeandikwa na mtu aliyeguswa, ulipaswa kunijibu." Kisha akafunga kitenge, akanisaidia kuosha vyombo mpaka vikaisha.

Ndagu nayo ilisemwa, kama nilivyojua itasemwa. Kuna meza mbili zilikaa miezi zikiwa hazina mtu. Mwanamke mmoja alinipitia mlangoni akasema, "Ndiyo maana bati lilikuwa linang'aa." Nikamkaribisha chakula. Hakula. Jambo nililoliogopa mpaka nikamtoa mwanangu nyumbani lilipokuja lilikuwa na ukubwa huo tu: meza mbili, na mwanamke mmoja mlangoni.

Nilidhani nikishasema ukweli mbele ya watu, nimetengeneza. Tukaenda Ibaba, mimi na mume wangu, kumchukua. Tulipokuwa bado kwenye njia ya juu nikasikia mtu anacheka ndani, kicheko kile cha zamani, cha kuwaiga watu. Dawa zilikuwa zimeanza kumkaa. Nilisimama. Mume wangu akanishika bega. Tukapiga hodi, kicheko kikakatika.

Alikuwa anamenya viazi. Nikakaa chini mbele yake, nikamweleza kwamba nimesimama kanisani, nimewaambia watu wote, hakuna siri tena, arudi nyumbani.

"Umewaambia wao," akasema. Aliendelea kumenya. "Mimi bado sijaambiwa nilikosa nini."

Nikamwambia hakukosa kitu.

"Basi mbona mimi ndiye niliyeondoka?"

Baba yake alitoka nje. Sisi tulibaki pale, mimi nikachukua kisu kingine, tukamenya viazi vyote. Ilipofika jioni akatuaga vizuri, akasema anabaki.

Chumba kilifunguliwa. Kimepakwa rangi ya bluu hafifu, kina mlango, kina viti vidogo na vikubwa, na muuguzi anakuja kila mwezi kama alivyoahidi. Siku ya kliniki naacha kibanda kwa wasichana, napanda gari alfajiri kwenda Vwawa, nafika kabla yao. Wanashuka kwenye costa, yeye amemshika bibi yake mkono. Naamkiwa. Tunakaa benchi moja, mama yangu katikati yetu. Sasa analala usiku. Sauti zile anamwambia muuguzi zimekuwa mbali, kama redio ya jirani, anaweza kuendelea na kazi zake. Mama yangu ananinong'oneza hayo, maana mimi siambiwi. Amerudi shule, ya kutwa, ya pale pale kijijini.

Kwenye kadi, pale panapoandikwa mzazi, pameandikwa bibi. Mwezi mmoja muuguzi alimuuliza kama angependa na mimi niingie ndani. Nilikuwa mlangoni, nikamsikia binti anavyojibu. Akasema, "Akae nje kwanza."

Nakaa nje. Natoka na Biblia yangu lakini mara nyingi siifungui, nautazama tu ule mlango ambao pesa zake niliziomba mimi kwa watu. Sijui atanikubali lini, au kama atanikubali. Namwomba Mungu, na siku hizi siombi anirudishie mtoto kama zamani. Naomba tu apone hata kama uponyaji wake hautanihitaji mimi. Maombi hayo ni magumu kuliko yale ya kufunga siku saba, nakuambia kweli. Lakini mwezi hadi mwezi nimeenda, na mwezi ujao nitaenda.

Ninachokuomba ni kimoja. Karibu na wewe kuna mama ambaye mtoto wake amepotea machoni pa watu, na ukimuuliza anajibu haraka sana kuwa yuko kwa ndugu au yuko masomoni. Usimbane, wala usimwambie unajua. Mpelekee haya niliyoandika. Kama hajui kusoma, msomee, na kama Kiswahili kinampa shida mwambie kwa lugha ya kwenu, bila kupunguza pale nilipocheka kwenye kipaza sauti. Ukimaliza, mwombe na yeye amfikishie mwingine anayemjua. Fanya mapema, rafiki yangu, mtoto wake akiwa bado anamwita mama.